Fleti ya Zamani Katika Vilima vya Tama

Ukipanda treni Shinjuku mjini Tokyo na kuelekea magharibi, saa moja haitatimia kabla hujashuka Nagayama, katika Mji Mpya wa Tama. Jina la "mji mpya" limebaki, ingawa wakazi wa kwanza walihamia mwaka 1971. Hata reli iliwakuta. Ilifika hapo mwaka 1974.

Majengo ya zamani yamepangwa vilimani, mengi yana sakafu tano na hayana lifti, na miti iliyopandwa pamoja nayo imekwisha kuwa mikubwa. Mfanyakazi anayelipa kodi ya chumba finyu karibu na katikati ya jiji huja hapa Jumapili pamoja na mkewe na watoto. Huonyeshwa vyumba vitatu na jiko, mikeka ya tatami iliyopauka, roshani inayopata jua, na bei anayoweza kuimudu. Dalali husema fleti iko ghorofa ya tano. Wajapani huihesabu sakafu ya chini kuwa ya kwanza, kwa hiyo kwa hesabu yetu ni ya nne. Lakini mwenye kubeba mfuko wa mchele hatapunguziwa hata kidato kimoja.

Rahisi hiyo ina sababu zake. Nchini Japani jengo hushuka thamani kadiri linavyozeeka, na umri wake una mpaka mmoja usiosahaulika: tarehe 1 Juni, 1981. Siku hiyo, baada ya funzo la tetemeko la Miyagi la mwaka 1978, zilianza kutumika kanuni mpya za ujenzi za kukabili matetemeko. Kobe ilipotikiswa mwaka 1995, majengo yaliyotangulia kanuni hizo ndiyo yaliyoumia zaidi. Nawe angalia vema: kinachohesabiwa ni siku ramani ilipoidhinishwa, wala si siku jengo lilipokamilika. Jengo lililomalizika mwaka 1982 laweza kuwa la kanuni za zamani.

Hata hivyo, kuta huonekana. Kisichoonekana ni mfuko. Vyumba ni vyako, lakini paa, ngazi, mabomba makuu, hata ile roshani unakoanika nguo, ni mali ya wote. Kila mwezi mwenye fleti hulipa fedha za uendeshaji, na kando yake akiba ya matengenezo makubwa, ambayo aghalabu hufanywa kila baada ya miaka 12 hadi 15. Mfuko ukipwaya, wenye fleti huchangishwa kwa mkupuo, au jengo huachwa livuje. Tena, kwa sheria, deni la ada hizo humfuata mnunuzi: muuzaji akiwa hajalipa miaka miwili, chama cha wenye fleti kina haki ya kukudai wewe. Dalali anawajibika kukueleza mambo ya namna hii kwa maandishi kabla ya mkataba. Mwache asome mpaka mwisho, hata kama watoto wamekwisha kuchoka.

Karibu na hapo, mtaani Suwa, familia 640 zilikubaliana kubomoa majengo yao ya mwaka 1971. Sheria ilidai kura nne katika kila tano, na mazungumzo yalichukua miaka mingi. Mwaka 2013 zilisimama fleti 1,249 mahali pale pale. Zile za ziada ziliuzwa kwa wageni, nazo zikawapunguzia wenyeji mzigo. Si kila kilima chenye wanunuzi wa kutosha kwa hesabu kama hiyo. Na mzee wa miaka themanini anayeishi kwa pensheni, akiambiwa ahame sasa ili arudi baadaye, nani atamlaumu akikataa? Kura yake ina uzito kama yako.

Basi kabla ya kupanda ngazi, simama kwanza penye masanduku ya barua. Yaliyozibwa kwa utepe ni ya fleti zisizo na watu. Yahesabu, kisha uulize ada za fleti hizo hulipwa na nani.