Siti binti Saad na Daftari la Jumuiya



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kintinku. Siku moja, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alisimama akaeleza jinsi mumewe anavyompiga. Mume hakuwepo. Wazee wakamuuliza, "Ulimjibuje mpaka akakasirika?" Mwishowe wakamwambia akamwombe mumewe msamaha. Mimi, kwa kuwa ni frateri, nilipewa daftari niandike kumbukumbu. Niliandika: "Familia imepatanishwa." Yule mama aliondoka bila kuaga.

Niliporudi seminarini nilisoma Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Alikuwa akitembeza vyungu, akiita wateja kwa kuimba. Shule hakusoma, lakini mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Alifariki mwaka 1950.

Nikatafuta nyimbo zake. Ulionichoma ni "Kijiti". Unasimulia habari za mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka, walioadhibiwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi.

Siti alikuwa Mwislamu, mimi ni Mkatoliki, lakini wimbo ule ulinirudisha Kintinku. Kikao chetu kilifanana na mahakama ile: mwenye kosa hayupo, anayehukumiwa ni yule aliyesema. Siti, ambaye hakukaa darasani, alihifadhi ukweli katika wimbo. Mimi, ninayesomeshwa kwa sadaka za waamini, niliandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Ndugu zangu, katika Danieli sura ya 13 wazee wawili wanamsingizia Suzana, na mkutano wote unawasadiki kwa sababu ni wazee. Anayepaza sauti ni kijana. Hata katika jumuiya yetu kijana alikuwepo, tena ameshika kalamu. Akanyamaza.

Likizo ijayo nitakwenda kwanza kwa yule mama, nimwombe radhi. Akikubali, nitaliomba daftari na kuisahihisha sentensi ile mbele ya jumuiya nzima. Najua baadhi ya wazee watanuna. Ninachoogopa zaidi ni kwamba mama huyo hatataka tena kuongea na frateri.