Maji ya Changamwe, Mvua ya Kibo

Changamwe, mfereji ukikauka, maji huuzwa kwa dumu. Mkokoteni hupanda kutoka upande wa Magongo ukiwa na madumu ya lita 20, mengine hayana kifuniko, yamezibwa kwa gunzi la hindi. Muulize mwenyewe maji ni ya wapi: Mzima. Na Mzima inayapata wapi? Kilimanjaro, bila shaka! Jibu hilo nimelisikia pia ndani ya matatu ya Voi, likitolewa kwa uhakika ambao hata mwalimu wa jiografia hana.

Ni jibu tamu, lakini si sahihi. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, hulishwa na vilima vya Chyulu. Mvua huzama kwenye majivu na mawe ya volkano, ikapita chini kwa chini, ikatokeza Mzima imeshachujwa. Bomba la miaka ya 1950 huyaleta maji hayo pwani kwa mteremko tu.

Ikiwa kuna mtu wa bara ya Mombasa anayekunywa Kilimanjaro, basi ni wa Kisauni. Maji ya huko hutoka Baricho, visima vya kando ya Mto Sabaki. Sabaki ndiyo Galana, na Galana ni Athi na Tsavo zilizokutana. Tsavo nayo ina vyanzo kwenye miteremko ya mashariki ya mlima. Kinachotoka mlimani ni kidogo, tena kimechanganyika na maji ya Athi yaliyokwisha kuonja uchafu wa Nairobi, lakini kimo. Likoni inategemea zaidi visima vya Tiwi, mlima hauihusu.

Ukitoka Changamwe kwenda kuuona mlima wenyewe, njia ni Mariakani, Maungu, kisha Voi unakata kushoto kuelekea Mwatate na Taveta. Karibu njia hiyohiyo ndiyo aliyopita Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, akiongozwa na Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe kileleni, na mabingwa wa London, William Desborough Cooley mbele yao, wakambishia: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Bwana Kheri hakuulizwa.

Taveta ndipo urefu unapokuingia. Everest ina mita 8,849, lakini kambi ya upande wa Tibet iko kwenye mita 5,200 hivi. Mpandaji anabakiwa na mita zisizofika 4,000. Kilele cha Kibo ni mita 5,895, na Taveta iko chini ya mita 800. Hakuna safu ya milima ya kuupunguzia ukubwa: ni volkano tatu zilizoungana, Shira iliyobomoka, Mawenzi iliyochongoka, na Kibo kati yao, zimesimama peke yake uwandani.

Kinachounganisha mlima huu na Likoni ni upepo. Kusi linaloichafua bahari mwezi wa Mei, hata feri ikayumba, ndilo linalobeba mvuke hadi miteremko ya kusini. Msitu wa juu ya Marangu na Machame hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Wachaga huyagawa maji kwa mifongo, yaani mifereji yao, hadi migombani. Loitokitok, upande wa Kenya, imekaa kisogoni mwa mvua. Kileleni kwenyewe ni jangwa: mawingu mengi huishiwa njiani, na barafu ya 1912 imebaki chini ya robo.

Mvua iliyozama msituni huibuka tena tambarare. Njoro Kubwa, karibu na Taveta, ni chemchemi ya namna hiyo, na mifereji yake hunywesha mashamba ya ndizi. Mikungu hupakiwa malori jioni, ikashushwa soko la Kongowea alfajiri, ambako mchuuzi hukuapia kuwa ni ya Taveta hata ikiwa imetoka kwingine.