Usininyoe Kabla ya Siku

Kazi yangu hapa Busia ni kurusha shughuli za watu mtandaoni, moja kwa moja: harusi, harambee, lakini zaidi matanga. Mtoto mmoja yuko Doha, mwingine Kampala, na mwili hauwezi kungoja. Tangu korona ya 2020 hakuna anayeshangaa.

Kamera si shida. Shida ni kii. Kii ni picha ya pili ambayo mtazamaji haioni, ya weusi na weupe. Penye weupe, mtu anabaki. Penye weusi, anaondolewa na picha ya nyuma inaingia. Ukimweka mtu mbele ya kitambaa cha kijani, mtambo unasoma rangi: kila kilicho kijani unakitia weusi. Halafu unarekebisha mambo mawili. Klipu inaamua mkato uanzie wapi. Geini inaamua mkato uwe mkali kiasi gani. Geini ikizidi, mtu anaonekana amekatwa kwa makasi. Ikipungua mno, anakuwa mzimu, ukuta unaonekana kifuani mwake.

Mwaka jana aliletwa kwangu mama mmoja Mteso kutoka Malaba. Kule mto ndio mpaka, na Wateso wako ng'ambo zote mbili. Kaka yake alikuwa anazikwa upande wa Tororo, naye mguu umevunjika. Alitaka kuwaaga akiwa amekaa kando ya picha ya kaka yake. Alikuja na gomesi ya kijani.

"Si abadilishe tu?" mkaza mwanawe akauliza.

"Hii aliniletea yeye," mama akasema. Ikaisha.

Kwenye skrini ya majaribio kilibaki kichwa na mikono, vinaelea. Nikatuma kijana alete shuka la bluu, nikamsogeza mama mita mbili mbele yake ili bluu isimrudie mabegani. Gomesi ikatulia. Sasa nywele: nyeupe, nyepesi, zimesimama huku na huku. Kijana akapandisha geini hadi kii ikawa safi, nyeusi na nyeupe tupu. Mama akatazama skrini.

"Mwanangu, mbona mnaninyoa kabla ya siku?"

Nikaishusha geini kidogo kidogo, hadi kwenye kii nywele zikawa za kijivu. Kijivu maana yake ni nusu yake, nusu ya kilicho nyuma: unauona unywele, na kupitia humo unaiona picha ya marehemu. Vijana wengi hukiona kijivu kama uchafu. Mimi nimekulia mpakani. Neno bodaboda lilizaliwa huku, kwa watu wa baiskeli waliobeba abiria kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Walikula kutokana na kile kipande cha katikati.

Tukaenda hewani. Mama alisema kwa Kiteso, nami sikijui. Niliangalia nywele tu. Ng'ambo walipoanza kumjibu, alitikisa kichwa, na hakuna hata unywele mmoja uliopotea.