Nkuvu Mdogo Hana Bado Mlango

Kobe hapa kwetu tunamwita nkuvu, na kila mtoto aliyekomalia Likasi anamjua kutoka kwenye hadithi kabla ya kumwona kwa macho. Jioni, bukari ikishaliwa na mbabula bado ina moto kidogo, nkambo alikuwa anatuambiaka habari za kisima. Wanyama wote walichimba kisima wakati wa ukame, isipokuwa Kalulu, sungura, ambaye alikataa kazi. Kisha usiku akaja kuiba maji, akadanganya kila mlinzi mwenye nguvu. Ni nkuvu peke yake aliyejificha ndani ya maji, akanyamaza, akamkamata Kalulu mguu.

Kutoka hadithi ile sisi tulibaki na wazo moja: nkuvu ni mvumilivu, anabeba nyumba yake mgongoni, hana haja ya mtu. Kwamba nkuvu naye anagonjwa, hatukuambiwa. Hilo tulijifunza katika lupango letu wenyewe, kwa kifo cha mmoja na mateso ya wa pili.

Yule wa kwanza hatuna sifa naye. Tulimweka ndani ya kartoni chini ya kitanda, tukamtupia bukari na jani la kabichi. Ulipofika mwezi wa sita akaacha kula. Watoto walisema, jirani mmoja akawajibu: “Muache, batoto. Nkuvu haina na magonjwa. Iko nalala tu juu ya baridi.” Tukamwacha alale. Siku tulipoinua kartoni kwa sababu ya harufu, alikuwa amekufa zamani, na sisi hatukujua hata ni siku gani.

Wa pili alikuja miaka miwili baadaye, mwezi wa tatu, mvua zikielekea kwisha. Mtoto wetu wa tatu alimnunua kwa vijana wanaouza makala kando ya barabara ya Lubumbashi. Alikuwa mdogo, anaenea kwenye kiganja. Ni wa aina ile ya msituni kwetu, gamba la rangi ya majani makavu. Aina hii ina jambo la ajabu: mkubwa wake ana bawaba upande wa nyuma wa gamba. Akiogopa, anashusha gamba la nyuma kama mlango, miguu inabaki salama ndani. Lakini bawaba hiyo haizaliwi naye. Inakuja polepole, kadiri anavyokomaa. Nkuvu mdogo hana bado mlango.

Likasi iko juu, karibu metre 1,300, na mwezi wa sita na wa saba usiku baridi inashuka hata chini ya digrii 10. Mwaka ule mtoto ndiye aliyeona. Asubuhi moja alikuja mbio: “Mama, nkuvu yangu haifungue macho.” Tukamchukua karibu na mwanga. Macho yamevimba, yamefungwa. Puani kuna maji, na akipumua povu dogo linatoka. Tukabonyeza gamba kwa kidole, likaingia ndani kama ganda la yai lisilokomaa. Na alikuwa mwepesi. Nkuvu mzima ukimshika unasikia uzito wa jiwe. Huyu alikuwa kama kiberiti kilichobaki bila njiti.

Hapo mashauri yalikuwa mengi kuliko watu. Mmoja alisema tumweke karibu na mbabula apate moto. Tulimweka, moshi wa makala ukamzidishia shida ya kupumua, na mtoto akalia. Mzee mmoja, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye machimbo, aliposikia gamba limelegea alisema: “Mumupe chokaa ya Kakontwe. Ile njo inakomalisha mifupa.” Mwuza dawa za mifugo mmoja naye alitutolea dawa ya minyoo ya mbuzi, akasema tone moja litatosha.

Kwa bahati mtoto wa dada yetu anasoma udaktari wa mifugo kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tulimpigia simu kabla ya kutoa hilo tone. Alituuliza jina la dawa, tukamsomea chupa: ivermektini. Akapiga kelele mpaka simu ikalia: “Hapana, mama mdogo! Ile kwa mbuzi ni dawa, kwa nkuvu ni sumu. Inamuua.” Tulikaa kimya. Chupa ilikuwa tayari mkononi.

Juu ya chokaa alicheka kidogo, akasema mzee hakukosa yote. Gamba la nkuvu ni mfupa, na mfupa unataka kalisi. Mawe ya Kakontwe, ambayo jina lake wanajiolojia wamelipa tabaka zima la mawe ya chokaa ya Katanga, ni ya kalisi kweli. Lakini chokaa iliyochomwa inaunguza mdomo na tumbo. Ganda la yai lina kitu kilekile bila moto: ulichemshe, ulikaushe, ulisage kama unga, umnyunyizie kwenye majani. Akaongeza kwamba ganda peke yake ni kazi bure kama mnyama hapati jua. Jua likipiga ngozi ndipo mwili unaweza kuishika ile kalisi, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii. Tukafikiri kartoni ya chini ya kitanda. Katika mji ambao jua linawaka kiangazi kizima bila wingu, sisi tulimficha mtoto wa nkuvu gizani!

Maji ya puani na povu yalihitaji dawa ya kweli. Muganga wa mifugo alikuja, mtu mnyenyekevu, akakiri kwamba maisha yake yote ametibu kuku, mbuzi na nguruwe. Lakini alizungumza na mwanafunzi wetu kwa simu, na hakuona haya kufundishwa na kijana. Walitaka uzito kamili, maana dawa inapimwa kwa gramu. Tulimpeleka kwenye famasi, tukamweka juu ya mizani ndogo: gramu 140. Alipigwa sindano tano, moja kila siku ya pili, kwenye mguu wa mbele. Sindano ya mguu wa nyuma inaweza kupitishwa kwenye figo kabla haijafanya kazi.

Kazi nyingine ilikuwa yetu. Kila asubuhi tulimweka dakika 20 ndani ya sahani ya maji ya vuguvugu, yasiyofika kwenye kidevu. Nkuvu aliyekauka anakunywa hapo, na anajisaidia hapo. Tulimfuta, tukamtoa juani, nusu ya mahali ikiwa na kivuli ili asichomwe. Usiku tulifunga chupa ya maji ya moto ndani ya kitambaa, tukaiweka kando yake, na saa nane za usiku mtu mmoja aliamka kuibadilisha. Umeme ukikatika ulikatika, chupa haikujali. Bukari ilikwisha kwa upande wake. Badala yake alipata majani ya maboga, matembele, boga lenyewe na karoti iliyokunwa, ambavyo vinasaidia macho. Watoto nao walifundishwa kunawa mikono kwa sabuni kila wakimshika, na kuacha kumbusu, kwa sababu wanyama wa jamii yake wanabeba vijidudu vya kuhara hata wakiwa wazima.

Siku kumi na moja hakula kitu. Siku ya kumi na mbili jicho moja likafunguka. Mtoto alikuja kutuamsha. Hakusema neno, alitushika mkono tu akatupeleka. Nkuvu alikuwa ametafuna pembe ya jani la boga, alama ndogo kama ya ukucha.

Tuseme ukweli hapa, kwa sababu wengi wanafuga nkuvu na wanafikiri kama tulivyofikiri. Ni kweli kiangazi nkuvu wa porini anajificha chini ya majani au ndani ya shimo, anatulia mpaka mvua. Yule jirani hakusema uongo. Lakini anayetulia akiwa mzima ni mzito, macho yake yanafunguka ukimwinua, pua yake ni kavu. Mgonjwa anajificha vilevile, maana porini akionyesha udhaifu ataliwa. Wazee walisema mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Nkuvu ndiye mficha maradhi mkubwa, na mwenye kumfuga ndiye anayepaswa kumchunguza kabla kifo hakijasema.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilirudi, bowa zikaota pembeni ya lupango. Tulimwona akienda moja kwa moja kwenye uyoga na kuula, kisha akamkamata jongoo. Nkambo, mwenye miaka mingi, alicheka: “Weye hukuyua? Nkuvu inakulaka bowa na tududu. Shiye tulikuwa tunaionaka mu pori na mvula ya kwanza.” Tukamuuliza kwa nini hakutuambia wakati wote ule. Akajibu: “Hamukuniuliza. Mulikuwa munaniomba hadisi ya Kalulu tu.”

Jibu hilo lilituingia. Wazee wa Buluba walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga ambao watu wa Mbudye waliusoma kwa vidole ili kusimulia historia ya wafalme, na mgongo wa ubao ule unafananishwa na gamba la nkuvu. Gamba la huyu wetu nalo linasomwa. Ukipitisha kidole utasikia duara za kukua kwake, na kati ya duara mbili pana kibonyeo. Ule ni mwezi wa sita. Gamba limekomaa sasa, lakini kibonyeo hakitaondoka.

Hatumsifu mtu kununua nkuvu barabarani. Kila anayenunuliwa anawatuma vijana kuchukua mwingine porini, na mkataba wa CITES wa 1973 umeweka jamii yake yote chini ya ulinzi katika biashara ya kimataifa. Sisi hatutanunua tena. Lakini aliye tayari nyumbani, atunzwe. Na ninyi wenye wazee nyumbani, mkimaliza hadithi ya Kalulu, waulizeni pia nkuvu anakula nini.

Mtoto wetu kila Jumapili anampitishia kidole nyuma ya gamba, polepole, kuangalia kama mlango umeanza. Juma lililopita alisema umetikisika kidogo.