Mita 803 kwa Sekunde

Mwenye nyumba wangu hapa Montana ni mzee anayejaza upya maganda ya risasi gerejini, baruti akiipima kwa mizani ndogo. Jumamosi alinipa kazi ya kusoma kronografu, akaiweka kwenye mita kwa ajili yangu. Risasi hupita juu ya vihisi viwili. Kivuli chake kinaanzisha saa, kisha kinaisimamisha. 803. 809. 798. Mzee akanuna, kwake tofauti hiyo ni kubwa mno. Mimi nilikuwa nagawanya kwa 340, kasi ya sauti. Zaidi ya mara mbili. Yaani risasi hutangulia, mlio hufuata.

Mjomba alipigwa risasi Kisumu, Januari 2008, nikiwa darasa la pili. Mpaka leo Mama huuliza kama aliusikia mlio.

Usiku nilimpigia. Tukaongea habari za mahindi.