Safari ya Kilimanjaro: Nguo Kavu ni Kama Mbegu



Jioni moja kijana wa kijiji chetu alifika nyumbani kwangu.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nimekuja kuaga. Kesho kutwa ninakwenda kubeba mizigo Kilimanjaro. Nimepata safari ya kwanza."

Nilifurahi. Kazi ni kazi. Nikamwomba anioneshe begi lake. Ndani mlikuwa na suruali mbili za jinzi, fulana tatu za pamba, sweta moja na kandambili. Koti la mvua halikuwamo.

"Huu ni mwezi wa Agosti," alisema. "Mvua hakuna."

Nilimwambia akae, nikamsimulia yaliyonipata mimi. Na wewe, msomaji, nisikilize. Huenda mwanao, mdogo wako au wewe mwenyewe utapanda mlima huo siku moja.

MLIMA MMOJA, NCHI NYINGI

Wengi huona Kilimanjaro kwa mbali na kudhani ni mlima wa namna moja. Sivyo. Ukipanda kwa njia ya Marangu unapita kama katika nchi kadhaa.

Kwanza unapita vihamba. Hapo kuna migomba, kahawa na mifereji ya maji. Hewa ni nzuri na watu wanakusalimu. Kisha unaingia msituni. Humo mna mbega, na kuvu na ndevu za miti zinaning'inia kila mahali. Ukungu hutanda na matone hudondoka kutoka kwenye majani hata kama mvua hainyeshi. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari.

Siku ya pili msitu unakwisha. Unaona vichaka, majani magumu na upepo. Usiku unalala Horombo, mita 3,720. Karibu na hapo utaona mmea mmoja mkubwa uitwao senesio. Majani yake yakifa hayaanguki. Hubaki yameuzunguka mti kama koti, na kuukinga na baridi ya usiku. Mwingine ni lobelia. Jua likizama, huyakunja majani yake na kuufunika moyo wake. Mimea hii haikwenda shule, lakini inajua kuvaa.

Siku ya tatu unapita uwanda mkavu wa mawe na vumbi katikati ya Mawenzi na Kibo. Unalala Kibo, mita 4,700 hivi. Wageni huondoka hapo usiku wa manane kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895. Huko ndiko Alexander Nyirenda alikosimamisha Mwenge na bendera ya Tanganyika mwaka 1961, nchi ilipopata uhuru. Wapagazi wengi hawafiki huko. Huwasubiri wageni chini.

Sasa fanya hesabu nami. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kutoka Moshi mjini hadi kileleni ni kupanda mita 5,000 na zaidi. Basi Moshi kukiwa na joto la nyuzi 30, kileleni huwa karibu na sifuri, na hapo ni mchana. Usiku maji huganda. Na mawingu hayafuati kalenda yetu ya masika na vuli. Asubuhi jua, mchana mvua, jioni barafu. Yote yanaweza kutokea siku moja, hata Agosti.

YALIYONIPATA MWAKA 2003

Mwaka 2003 nilikuwa nimemaliza chuo cha kilimo. Cheti kilikuwa mkononi, ajira bado. Nikaenda kubeba mizigo. Ilikuwa mwezi wa Agosti, na mimi pia nilisema mvua hakuna.

Siku ya kwanza ukungu wa msituni ulinilowesha. Jinzi ikawa nzito hadi mapajani. Niliianika usiku, lakini haikukauka. Asubuhi baridi ilikuwa kali. Nilichukia kuvaa nguo mbichi. Nikatoa sweta na suruali kavu nilizoweka kwa ajili ya kulalia, nikazivaa njiani.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Mchana mvua ilitukuta kabla ya Horombo. Sasa nguo zote zililowa, za kutembelea na za kulalia. Usiku nililala nimelowa, natetemeka.

Siku ya tatu jua liliwaka. Nikadhani nimepona. Tulipokuwa uwandani mawingu yalishuka kutoka Mawenzi, ikanyesha mvua ya barafu yenye upepo. Nilipofika Kibo nilishindwa kufungua kamba ya mzigo wangu. Vidole havikunisikia. Kisha kutetemeka kukakoma. Sikusikia baridi tena. Nilitaka tu kukaa nyuma ya jiwe na kulala.

Mpagazi mmoja mzee aliniona. Hakuniuliza jina. Alinivua nguo zote mbichi, akanivisha sweta yake kavu, akanifunika blanketi na kunipa chai yenye sukari nyingi. Jioni ile ile watu wawili waliniteremsha Horombo. Kama angepita bila kuniona, leo nisingekuwa ninakuandikia.

Tuliporudi Marangu aliniuliza, "Kwenu mnalima nini?"

"Mahindi, mzee."

"Mwaka wa njaa mnakula mbegu?"

"Hapana. Tukila mbegu, mwaka ujao tutakufa."

"Basi nguo kavu ya kulalia ni mbegu, mwanangu. Hata baridi ikikung'ata mchana, usiiguse."

Nilikuwa na cheti cha kilimo, na mpagazi akanifundisha habari ya mbegu.

KWA NINI MAJI NI HATARI

Maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa. Pamba hunywa maji na kuyashika. Jinzi ni pamba, tena nzito. Kwa hiyo aliyevaa jinzi mbichi kwenye upepo ni kama mtu aliyesimama mtoni. Sufu ni tofauti. Hata ikilowa bado hukupa joto kidogo. Nguo za poliesta, kama jezi za mpira, hazinywi maji mengi na hukauka upesi.

VITU VYA KUCHUKUA

1. Nguo za kutembelea. Chukua jezi na suruali nyepesi ya traksuti. Hizi zitalowa. Asubuhi zivae hivyo hivyo zikiwa mbichi. Utaumia kwa muda mfupi, kisha mwili utapata joto kwa kutembea.

2. Nguo za kulalia. Chukua sweta nene ya sufu, suruali nene, soksi nene na kofia ya sufu. Hii ndiyo mbegu. Ivae ukiwa umefika kambini tu.

3. Koti la mvua na suruali ya mvua. Koti liwe kubwa, liweze kuvaliwa juu ya sweta. Liweke juu kabisa ya begi. Mvua haikusubiri utafute.

4. Viatu imara ulivyokwisha kuvizoea. Viatu vipya huleta malengelenge. Chukua soksi jozi nne.

5. Glovu, tochi, na miwani ya jua. Jua la juu kwenye theluji huumiza macho.

6. Begi la kulalia, au mablanketi mawili mazito.

7. Mfuko mzito wa nailoni wa kuweka nguo za kulalia. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usiende nayo. Mimi hutumia kile kifuko cha ndani cha mfuko wa kinga njaa, tunaohifadhia mahindi. Kioshe, kikaushe, tia nguo, funga kwa kamba. Kinachozuia hewa kuingia kwenye mahindi kitazuia maji kuingia kwenye sweta. Usikiache mlimani. Rudi nacho.

Utasema, fedha nitapata wapi? Nguo nyingi za namna hii hupatikana kwenye mitumba katika soko la Memorial, Moshi. Pia mjini Moshi mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, umekuwa ukiwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Uliza kabla ya kupanda.

Usiache koti ili begi liwe jepesi. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, nao hupimwa getini. Ukipewa zaidi, sema hapo hapo.

MTAZAME MWENZAKO

Anayepatwa na baridi hajijui. Ukiona mwenzako anatetemeka sana, anashindwa kufunga kifungo, anasema maneno yasiyoeleweka, usingoje. Mpeleke penye kinga ya upepo. Mvue nguo mbichi, mvishe kavu, mfunike hadi kichwa. Kama ana fahamu, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimpe pombe. Pombe hudanganya ngozi, lakini hutoa joto mwilini. Kisha mteremsheni.

Na mtu akiumwa kichwa sana, akitapika na kupepesuka, huo ni ugonjwa wa mlima. Sweta haiuponyi. Dawa yake ya kwanza ni kuteremka, hata kama ni usiku.

KIJANA WETU

Kijana yule alinisikiliza hadi mwisho. Jinzi alimwachia mdogo wake. Nilimpa koti langu la mvua na kifuko cha mahindi. Siku ya sita alirudi, uso umeungua jua, akicheka.

"Mvua ilitupiga siku mbili, bwana shamba."

"Na mbegu?"

"Sikuila."

Koti alirudisha. Kifuko aliomba abaki nacho, maana alikuwa amepata safari nyingine.