Afya ya Vijito vya Mbololo

Watu wengi wakaao tambarare ya Voi huutazama mto wao pale darajani tu. Ukijaa, huogopa mafuriko. Ukikauka, huchimba mchanga. Ni wachache wainuao macho kuitazama milima ya Taita, iliko asili yake. Sisi wa Mbololo hatuna udhuru huo, kwa maana vijito vyaanzia mlangoni petu, na kila tulitendalo huku juu huteremka pamoja na maji. Hata bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 katika mbuga ya Tsavo Mashariki, hupokea tope la mashamba ya milimani.

Hapo kale wazee wetu hawakungoja kufundishwa. Kila ukoo ulikuwa na fighi yake, yaani kichaka kitakatifu, ambamo ilikuwa mwiko kukata mti. Nia yao ilikuwa ibada na ulinzi wa nchi, wala si elimu ya maji. Lakini miti iliyosalimika iliyahifadhi maji vilevile. Leo msitu wa asili uliobaki juu ya Mbololo ni kama hekta 200 tu, nao ni miongoni mwa misitu mikubwa iliyosalia katika milima yote ya Taita! Ukungu utokao upande wa bahari hunaswa na majani yake, hudondoka tone kwa tone, na udongo mweusi huyanywa maji hayo, kisha huyatoa polepole wakati wa kiangazi. Mahali palipofyekwa, mvua hupita mbio ikiuchukua udongo wenyewe.

Nimehudhuria mabaraza mengi ya maji. Aghalabu mgeni huja na karatasi yake, husema tuvitunze vyanzo vya maji, hupigiwa makofi, na kila mtu hurudi kwake kuiosha pampu ya dawa ya mboga katika kijito kilekile. Kwa hiyo siku moja, badala ya kuketi chini ya mti, tulichukua karai jeupe tukapanda na watu wa kijiji kukifuata kijito.

Juu, karibu na msitu, tuligeuza mawe. Tulipata kaa wadogo, watoto wa kereng'ende, na vijidudu vyembamba vyenye mikia mitatu. Vijidudu hivyo huvuta hewa iliyomo majini kwa matamvua yaliyo ubavuni, basi hewa ikipungua hufa upesi. Tulipofika chini ya mashamba ya kabeji, tuligeuza mawe yaleyale ya namna ileile, tukapata tope na funza wekundu peke yao. Wekundu ule ni wa damu yao, iwawezeshayo kuishi penye hewa haba. Watu walinyamaza. Mama mmoja akanena, "Kumbe haya ndiyo tunayowapikia watoto!" Hakuna mgeni wala karatasi iliyowahi kuyapata maneno hayo.

Lakini yafaa nionye hapa: wadudu hao hawatuambii lolote juu ya vijidudu vya kuhara. Maji yaliyojaa kaa na kereng'ende yaweza kuwa yamepitiwa na ng'ombe, au na mtu asiye na choo, nusu saa iliyopita. Ya kunywa na yachemshwe.

Jambo gumu lilikuwa mikalitusi. Mjomba wangu ana safu tatu kando ya chemchemi, alizozipanda zamani ili auze nguzo, na kwa nguzo hizo aliwasomesha watoto wanne. Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikataza kulima au kujenga ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingo wa mto, na mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikalitusi iondolewe penye vyanzo vya maji. Mti huo una kiu. Wanawake wa bondeni hawakuhitaji waziri kuwaambia, kwani kujaza debe moja wakati wa kiangazi kwawachukua asubuhi nzima. Mjomba naye aliuliza, na swali lake ni la haki, ni nani atakayemlipa gharama ya mjukuu aliye shule ya sekondari.

Tulizungumza jioni tatu nyumbani kwake. Mwishowe alikubali kukata safu mbili zilizo karibu na maji, kwa sharti kwamba nguzo ziwe zake, na vijana wamsaidie kuving'oa visiki, kwa kuwa kisiki cha mkalitusi huchipuka tena. Mahali pake patapandwa mikuyu. Safu ya tatu bado tunaibishania.